Vidato Saba

Tangu mnyororo ulipokatika gatini
na mguu wa kushoto nikauacha huko kazini,
naipima nchi kwa ncha ya gongo:
hapa pagumu, hapa tope, hapa pana uongo,
nyasi juu, maji chini.

Sitaki bahari. Nimeifanyia kazi miaka ishirini na sita,
naijua kelele yake na mshahara wake.
Nataka mto. Maji membamba yasiyo na haraka,
ufito mmoja, ndoana ndogo,
na mahali pa kuketi.

Nilianza Makupa, kwa kuwa ni karibu.
Malori yananguruma darajani hata mshipi ukatetema,
hujui ni samaki au ni trela la saruji.
Subira huvuta heri, ndivyo wasemavyo;
yangu ilivuta kandambili nyekundu, ya mguu wa kushoto.
Nikacheka peke yangu. Nikaitia mfukoni.

Tudor, kuta. Kila ukuta na mbwa wake,
na askari aliyeniuliza, kwa adabu,
"Mzee, umetumwa na nani?"
Mikindani, mfereji unaingia majini bila kubisha hodi;
samaki wapo, ila hawana hamu, wala mimi sina.
Jomvu Kuu niliteremkia mikokoni, maji yamekupwa,
gongo likazama hadi kwenye mshikio.
Vijana wawili wawindao kaa wakanivuta kama mtumbwi,
mmoja huku, mmoja kule,
wakakataa hata pesa ya soda.

Ni Chizi wa tuktuk aliyenambia:
"Kuna timbo la zamani, juu kabisa,
hori linapokwisha na Kombeni inapoanza.
Wavunja mawe waliacha kazi nusu."
Tukaenda siku ya maji mafu,
yasiyojaa sana, yasiyotoka sana.

Lango la fito. Bi Mbeyu akatoka na ungo mkononi:
"Pita, lakini funga. Mbuzi wangu hawajui mipaka."
Na pale,
vidato saba vilivyokatwa katika jiwe,
vipana, vikavu, kimo cha shubiri kila kimoja,
kana kwamba mtu aliupima mguu wangu
kabla sijaukosa.

Nilishuka nikihesabu. Nikaketi cha saba.
Kiboya nilikwisha kukichonga, kwa ile kandambili:
doa jekundu juu ya maji ya rangi ya chai kavu.

Kimya cha huko si kitupu.
Mdiria anapiga mbizi, anakosa, anarudi tawini kujifanya hakutaka.
Bi Mbeyu anapepeta.
Mbali, honi ya treni ya Miritini
imechujwa na majani hata ikawa
kama mtu kuitwa jina la mwingine.
Kiboya kikainama mara moja, kama mtu aitikiaye salamu.
Kambare, hazidi kiganja.
Akanitazama juu ya masharubu yake
kama yule karani wa fidia.
Nikamrudisha.

Jioni simu ikalia. Kithi,
tuliyekuwa tukipakua shehena pamoja,
yeye wa kiti cha magurudumu.
"Nasikia umepata. Nielekeze."
Nikaanza: lami mpaka inapokwisha, kisha kushoto,
kisha lango, nalo ulifunge kwa ajili ya mbuzi, kisha…
Nikafika kwenye jiwe. Nikanyamaza.
"Ngapi?" akauliza. Kithi si mjinga.
Saba.
Tukasikilizana pumzi, yeye kwake, mimi kwangu.
Akauliza habari ya watoto.

Usiku nilivihesabu tena, kutoka chini kwenda juu,
na kila kimoja kilikuwa kirefu kuliko nilivyokiacha.

Alfajiri nikampigia Chizi:
tuktuk yako yaweza kubeba mbao?
Akauliza, za urefu gani?
Nikamwambia sijui bado, nipitie,
kisha tupitie kwa Kithi
tukapime kiti.